Mbwa wa Jirani na Haki ya Jirani



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Barua ya juma hili imetoka mbali na bahari. Imeandikwa Katilu, kando ya Mto Turkwel, katika Kaunti ya Turkana, na baba mmoja mwenye asili ya huku kwetu ambaye Mwenyezi Mungu amempa riziki yake ya duka katika nchi ile. Anasema kuwa tangu kiangazi kianze mbwa wanaozurura wamezidi. Wanapita makundi makundi usiku, na alfajiri huwakuta watu njiani wakienda kuswali. Wanaingia jikoni na kulamba sufuria. Mwanawe wa miaka minane amefukuzwa akienda madrasa, akaraliwa kanzu na kukwaruzwa mguu. Vijana wamekasirika, na baadhi yao wamesema watatia sumu katika vipande vya nyama na kuvitupa usiku. Wenye mbwa ni majirani wao Waturkana, wafugaji na wakulima wa pale pale, na maneno ya sumu yamekwisha kuwafikia. Baba huyu anauliza mambo matatu: je, yafaa kuwatilia mbwa sumu? Je, vyombo na nguo vitahirishwe vipi? Na je, amwendee vipi jirani yake pasi na kuzusha fitina?

Maswali ni mazuri, na naamini si ya Katilu peke yake. Barua za namna hii huweza kutoka Lodwar na Kakuma, kama zinavyoweza kutoka Malindi, Kisauni au Ukunda. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo, na nitaanza na jambo ambalo mwandishi hakuliuliza.

KWANZA, MTOTO

Ndugu yangu, umeniandikia kuwa mtoto alikwaruzwa mguu, kisha ukapita kwenye habari ya kanzu. Hukusema kama alipelekwa hospitali. Ikiwa hakupelekwa, basi liweke gazeti hili chini umpeleke leo, usingoje Ijumaa.

Kichaa cha mbwa ni maradhi ambayo dalili zake zikishatokea kwa binadamu, takriban hakuna aponaye. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, kiasi cha asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, hukimbia, na aghalabu huogopa kusema nyumbani kwamba ameumwa. Maradhi haya hayahitaji jeraha kubwa. Mkwaruzo mdogo, au mate yaliyogusa ngozi iliyochubuka, hutosha kuwa sababu ya kwenda kwa tabibu.

Rehema ya Mola wetu ni kwamba maradhi haya huzuilika hata baada ya mtu kuumwa, kwa kuwa virusi vyake huchukua muda kabla ya kufika kwenye ubongo. La kwanza ni kuosha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, muda wa dakika 15 kamili. La pili ni kufika kituo cha afya ili chanjo ianzwe na imalizwe dozi zake zote, na kama jeraha ni la kupenya ngozi, tabibu ataangalia pia haja ya dawa ya kinga inayotiwa kwenye jeraha lenyewe. Wala msipake pilipili, mafuta ya taa, jivu, wala dawa ya mganga.

Hapa huingia swali la twahara. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Je, jeraha la mtoto litiwe udongo? Jawabu ni kwamba sharia haikuja kumdhuru mgonjwa. Udongo ndani ya kidonda huleta madhara, na madhara huondolewa. Wako wanachuoni walioona kuwa sabuni na mfano wake husimama mahali pa udongo, na hata kwa asiyeifuata kauli hiyo, dharura ya jeraha ina hukumu yake. Osheni kwa maji mengi na sabuni kama tabibu anavyoagiza, mwende hospitali, na moyo utulie.

KUHUSU SUMU

Swali la kwanza la barua nalijibu kwa neno moja: haifai. Lakini vijana wetu hawatosheki na neno moja, na wana haki ya kuelezwa.

Wako watakaosema kuwa Mtume (S.A.W.) aliwahi kuamrisha mbwa wauawe. Ni kweli, hadithi hiyo imepokewa. Lakini imepokewa vile vile kuwa alilikataza jambo hilo baadaye, na katika hadithi ya Abdullah bin Mughaffal ameeleza kuwa mbwa nao ni umma katika umma za viumbe. Maana hiyo yaafikiana na yaliyomo katika Suratul An'aam, ambamo Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa wanyama watambaao na ndege warukao ni mataifa mfano wetu. Kilichobakia kuruhusiwa ni kumwondoa mbwa mkali mwenye kushambulia watu, na huyo ni mbwa maalumu aliyejulikana kwa udhia wake. Sumu haichagui. Itamuua mkali na mpole, itamuua wa kulinda mbuzi na wa kulinda shamba, itamuua paka, itamuua mbuzi wa yatima aliyepita hapo asubuhi, na Mungu apishe mbali, itaokotwa na mtoto.

Watakuja wengine na hoja ya fiqhi: kwamba kwa Shafi mbwa si mali, hauzwi wala halipiwi fidia, basi kumuua si kitu. Hoja hii ni ya mtu aliyesoma ukurasa mmoja akaacha wa pili. Kutokuwa na bei hakukufanyi kuua kuwe halali. Isitoshe, tunaishi chini ya sheria za nchi. Kenya ina sheria inayokataza ukatili kwa wanyama, na mwenye mbwa aweza kushtaki. Lakini zaidi ya mahakama kuna ujirani: atakayeamka na kumkuta mlinzi wa zizi lake amekakamaa mlangoni hatauliza habari ya madhehebu. Atauliza ni nani aliyefanya, na jina litakalotajwa ni la dini yako.

Kuna na hoja ya tatu, nayo ni ya hekima ya dunia. Mbwa akimuuma mtu, wataalamu wa mifugo humtaka mbwa huyo azuiliwe na aangaliwe muda wa siku 10, huku aliyeumwa akiwa amekwisha kuanza chanjo. Mbwa akibaki mzima baada ya siku hizo, hofu kubwa imeondoka. Anayewatupia mbwa sumu usiku huwa ameuharibu ushahidi ambao ungemsaidia mtoto wake mwenyewe. Na kwa upande wa maradhi, kuua mbwa ovyo hakujathibiti kuwa ni tiba popote: nafasi ya waliokufa hujazwa na wengine wanaotoka kwingine, ambao hakuna ayajuaye matendo yao wala chanjo yao.

Tukumbuke pia kuwa dini yetu imemtaja mbwa kwa heshima mahali ambapo wengi hatupatii mazingatio. Katika Suratul Kahf, watu wa pangoni wametajwa pamoja na mbwa wao aliyenyoosha miguu yake kizingitini, naye akahesabiwa pamoja nao. Katika Suratul Maida, mawindo ya mbwa aliyefundishwa yamehalalishwa. Na ni mashuhuri hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mtu wa Katilu haitaji kufasiriwa maana ya kiu.

TWAHARA BILA YA WASIWASI

Swali la pili ni jepesi zaidi kuliko linavyoonekana, na ugomvi mwingi hutokana na kutolijua.

Chombo kilichorambwa na mbwa: mwaga kilichomo kama ni cha maji maji, kisha ukioshe mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa udongo safi. Basi, kimetwahirika. Hakitupwi wala hakivunjwi. Nguo iliyopata mate au unyevunyevu wake hufanyiwa vivyo hivyo.

Ama mbwa mkavu akipita na kujisugua kwenye nguo kavu, hapana kinachohamia. Ni kanuni maarufu ya wanachuoni kwamba kikavu juu ya kikavu hakinajisishi. Kwa hiyo mtu aliyepitwa na mbwa njiani akienda kuswali alfajiri hana haja ya kurudi nyumbani kubadili kanzu, wala hana sababu ya kuokota jiwe. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kuwa zama za Mtume mbwa walikuwa wakipita ndani ya msikiti, na watu hawakuwa wakinyunyizia maji kwa ajili hiyo. Wanachuoni wetu wameieleza hadithi hii kwa namna mbalimbali, lakini hakuna aliyetoa humo ruhusa ya kufanya zogo kwa sababu ya mbwa aliyepita. Na tujue kuwa ndugu zetu wa madhehebu ya Maliki humhesabu mbwa kuwa twahara. Hatutoki katika madhehebu yetu, lakini yatupasa tujue kuwa jambo hili lina nafasi ndani ya Uislamu.

Jirani asiyekuwa Mwislamu hajui hukumu hizi. Yeye akuonapo unaruka na kupiga kelele mbwa wake anapokukaribia, hudhani unamdharau yeye. Ni wajibu wako kumweleza kwa upole kuwa una ibada inayokutaka uwe na nguo safi kwa namna fulani. Wengi wakielezwa huelewa, na wengi wakielewa husaidia.

MBWA HAJI BURE

Sasa nafika penye uchungu. Kabla ya kwenda kwa jirani kumlalamikia, tujiulize: mbwa hawa wanafuata nini mtaani kwetu?

Mbwa anayezurura hufuata chakula. Katika miji midogo ya bara, chakula chake huwa ni mabaki ya machinjioni na takataka za sokoni. Na ni nani huchinja? Mara nyingi ni sisi, kwa kuwa nyama ya halali huchinjwa na Mwislamu. Kila penye mchinjaji atupaye matumbo, mapafu na maini yaliyoharibika nyuma ya banda, pana kundi la mbwa linalomngoja. Siku ya Idul Adh-ha ndiyo usiseme: kila nyumba huchinja, mkaguzi wa nyama hayupo, na mabaki huachwa wazi. Kisha baada ya Idi tunashangaa mbwa wamezidi.

Na katika Turkana jambo hili si la kero tu. Nchi ile imetajwa na watafiti kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu zilizokuwa na kiwango cha juu kabisa duniani cha ugonjwa wa hidatidi. Shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuudhibiti mwaka 1983, na madaktari wake wamewapasua na kuwatibu wagonjwa wengi. Ugonjwa wenyewe huenda hivi: mbwa ana minyoo midogo sana tumboni. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi chake, yakaganda kwenye manyoya yake, yakaingia katika udongo na maji. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyala pamoja na majani, mayai hayo hufanya vifuko vya maji katika ini na mapafu yake. Binadamu akiyameza kwa mikono michafu au maji machafu, humpata yale yale, na uvimbe hukua polepole kwa miaka bila ya mwenyewe kujua, mpaka tumbo linajaa. Tiba yake ni dawa za muda mrefu au upasuaji.

Je, mbwa huipata wapi minyoo? Katika lile ini na yale mapafu yenye vifuko, yaliyotupwa nyuma ya banda la nyama. Mbwa hawezi kujichinjia ng'ombe. Ni mkono wa binadamu unaoufunga mzunguko huu, na ni mkono wa binadamu unaoweza kuukata. Mchinjaji akifukia viungo vilivyoharibika katika shimo refu lenye kifuniko, au akivichoma moto, amewafanyia hisani watoto wa mtaa mzima, wake na wa jirani. Mchinjaji anayesema Bismillahi kisha akavitupa viungo hivyo barabarani, kichinjo chake ni halali, lakini udhia alioutupa njiani ataulizwa. Na sote twajua kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani.

KUMWENDEA JIRANI

Swali la tatu ndilo kubwa. Tuanze na kumtambua mwenye mbwa. Mturkana hafugi mbwa kwa pambo. Mbwa hulinda mbuzi dhidi ya fisi na mbweha, huwaamsha watu penye hatari, na pale Katilu penye mashamba ya umwagiliaji kandokando ya mto, husaidia kulinda mahindi na mtama. Hizi ni kazi zile zile ambazo Mtume (S.A.W.) alizivua alipotahadharisha juu ya kufuga mbwa bila haja: mifugo, shamba na uwindaji. Kwa hiyo jirani huyu, hata kwa kipimo cha sharia yetu, anafuga kwa sababu inayokubalika. Mnapokwenda kwake, msiende kumwambia amwondoe mbwa. Nendeni kumwomba amchunge.

Njia iko wazi katika mafundisho yetu. Ngamia wa sahaba al-Baraa bin Azib aliingia katika bustani ya watu akaharibu, na Mtume akahukumu kuwa wenye mabustani wana jukumu la kuyalinda mchana, na wenye wanyama hubeba dhamana ya wanachoharibu wanyama wao usiku. Tazameni uadilifu huu: kila upande umepewa zamu yake ya wajibu. Na katika Suratul Anbiyaa tumesimuliwa habari ya Nabii Daud na Nabii Sulaiman, amani iwashukie, walipohukumu kesi ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wanaeleza kuwa hukumu ya kwanza ilikuwa mwenye shamba apewe kondoo. Nabii Sulaiman akaona njia nyingine: mwenye shamba anufaike na maziwa na sufi kwa muda, mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue chake. Hukumu ya kwanza ilikuwa haki. Ya pili ilikuwa haki iliyowaacha majirani wawili wote wakiwa na cha kuishia.

Kwa kufuata mwendo huo, nawashauri ndugu zetu wa Katilu haya:

Mosi, kamati ya msikiti ichague watu wawili au watatu wenye busara, na asiwe miongoni mwao aliyekwisha kutamka habari ya sumu. Wayasikilize malalamiko yote na kuyatenganisha. Kubweka usiku ni jambo moja, kulamba vyombo ni jingine, kuuma ni jingine kabisa. Tukiyachanganya yote katika kapu moja, la kubweka litapewa ukali wa la kuuma, na la kuuma litapewa uzembe wa la kubweka.

Pili, wamwendee mwenye mbwa mchana, wakae chini, wapokee watakachokaribishwa katika vya halali, na wawe na mtu anayekisema Kiturkana vizuri. Asiende mtu peke yake akiwa na hasira, wala lisiende kundi. Waanze kwa kumuuliza hali ya mifugo yake na kumwambia kwamba hakuna atakayemdhuru mbwa wake. Neno hilo lazima litangulie, maana habari ya sumu imekwisha kumfikia.

Tatu, waombe mambo madogo yanayowezekana: mbwa afungwe au azuiliwe zizini kuanzia usiku mpaka watu watoke kuswali alfajiri, na saa za watoto kwenda na kutoka madrasa na shuleni. Avalishwe kamba au kitambaa shingoni kinachomtambulisha, ili mbwa mwenye mwenyewe ajulikane na asiye na mwenyewe ajulikane.

Nne, nasi tuahidi letu. Shimo la machinjio lichimbwe. Jiko lifungwe na sufuria zifunikwe. Takataka zisilale nje. Watoto wetu wafunzwe kuwa mbwa hapigwi mawe, hasumbuliwi akila wala akinyonyesha. Akimkabili mtoto, mtoto asikimbie wala asimkodolee macho. Asimame wima kimya mpaka mbwa apite. Mtoto aliyezoea kurusha mawe ndiye humfunza mbwa kumchukia kila avaaye kanzu.

Tano, mwenye mbwa akiwa hana uwezo wa kamba au wa dawa ya minyoo, achangiwe. Itolewe katika sadaka, wala si katika zaka, kwani zaka ina mafungu yake yaliyobainishwa. Kila kiumbe chenye uhai kina ujira kwa anayekifanyia wema, na jirani ana haki yake hata kama si wa dini yako.

Sita, akikataa baada ya yote hayo, na mbwa wake amethibitika kuwa ni mwenye kuuma, basi njia ni wazee wa mtaa, kisha chifu, kisha afisa wa mifugo. Katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, udhibiti wa wanyama na utoaji leseni za mbwa ni kazi ya serikali ya kaunti. Mbwa huyo ataangaliwa na mwenye ujuzi, na kama ni wa kuondolewa ataondolewa kwa njia isiyo na mateso, mwenyewe akijua na jamii ikijua.

FUNZO LA PEMBA

Nimalizie kwa mfano wa karibu yetu, kisiwa cha Waislamu, ili asiseme mtu kwamba kuchanja mbwa si kazi yetu.

Pemba ilikuwa na kichaa cha mbwa. Kuanzia mwaka 2010 watafiti na maafisa wa mifugo walifuatilia kila tukio, huku mbwa wa kisiwa kizima wakichanjwa kila mwaka. Idadi ya walioumwa ikapungua, vifo vikapungua, na kufikia Mei 2014 maradhi yalikuwa yametoweka kisiwani. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yakaingia tena kutoka nje na kuenea. Chanjo ya kisiwa kizima ikarudishwa, na Oktoba 2018 yakakomeshwa kwa mara ya pili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Pemba waliujenga ukuta huo mara mbili.

Wataalamu wanasema kuwa mbwa wakichanjwa asilimia 70 katika eneo, kichaa hukosa njia ya kuenea. Kenya nayo ina mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2014, wenye shabaha ya kumaliza vifo vya binadamu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mkakati huo hauwezi kufika Katilu kwa miguu yake. Wanaouleta ni watu wa Katilu wanaokwenda pamoja katika ofisi ya mifugo, mchungaji wa kanisa upande huu na imamu upande huu, wakaomba siku ya chanjo na dawa ya minyoo kwa mbwa wote. Siku hiyo vijana wetu, wale wale waliotaka kutupa sumu, wapewe kazi ya kuwaita wenye mbwa, kuandika majina na kupanga foleni. Wana nguvu na wana hasira, na hasira yao si ya bure: wameona mtoto akijeruhiwa. Ikielekezwa pazuri itawafaa watoto wote wa Katilu. Ikiachwa itazaa kisasi cha miaka.

Na kama mkono au nguo ya kijana itapata mate ya mbwa katika kazi hiyo, hukumu yake nimekwisha kuieleza: maji mara saba, moja kwa udongo. Udongo Turkana haukosekani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye mtoto wa ndugu yetu, awalinde watoto wote, awape majirani wetu baraka katika mifugo na mashamba yao, na atujaalie kuwa watu ambao jirani zao wanasalimika na ndimi zao na mikono yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wallahu aalam.